Simu Nzima, Video Imegoma

Mteja anayefika siku hizi kwenye meza za mafundi simu, kuanzia mitaa ya Aggrey na Likoma pale Kariakoo, Dar es Salaam, hadi stendi ya Makumbusho, mara nyingi haleti simu mbovu. Kioo kizima, betri inakaa na chaji, laini inashika mtandao, spika inalia. Kilichomtoa nyumbani ni ujumbe mfupi unaomwambia kuwa programu haiendani na toleo la simu yake. Video zilizokuwa zikifunguka bila shida sasa hazifunguki, na yeye anataka zirudi leo hii, kabla hajapanda daladala.

Biashara ya kuzirudisha haina leseni yake, haina bei elekezi, na haionekani kwenye jedwali lolote la serikali. Hata hivyo inalisha mafundi, wauza memori kadi, waingiza muvi na wauza simu za mtumba, na kwa upande mwingine inazifanya kampuni za simu ziendelee kuuza bando kwa watu ambao vinginevyo wangeacha kununua.

Chanzo cha yote ni sakafu inayopanda. Programu rasmi ya YouTube haikubali tena Android iliyo chini ya 8, toleo lililotoka mwaka 2017. Simu ya bei ya chini huwa inauzwa na toleo lake na kuzikwa na toleo hilohilo. Ni chache mno zinazopata sasisho hata moja kubwa baada ya kununuliwa. Kwa hiyo simu iliyoingia sokoni na Android 5, 6 au 7 imebaki hapo. Wenye Android 4.4 wamefungiwa zaidi: Agosti 2023 huduma za Play Store zinazoziwezesha programu nyingine kufanya kazi ziliacha kusasishwa kwao, na Januari 2025 WhatsApp nayo ikawaaga.

Kuna pigo lingine ambalo wateja hawalijui na hata baadhi ya mafundi hulihangaikia bila kulielewa. Tovuti huonyesha kitambulisho cha usalama, yaani cheti, kabla simu haijakubali kuzifungua. Cheti kimoja cha msingi kilichotegemewa na mamilioni ya tovuti kiliisha muda wake tarehe 30 Septemba 2021, na Android zilizo chini ya 7.1.1 hazikuwa na mrithi wake. Daraja la muda liliwekwa ili zisikatwe papo hapo, nalo likafika mwisho Septemba 2024. Ndiyo maana simu ya zamani inaweza kuwa na bando, mtandao umejaa, na bado ikakataa tovuti ndogo ya filamu kwa madai kwamba si salama. Dawa inayofahamika ni kuweka Firefox, kwa kuwa hiyo hubeba orodha yake yenyewe ya vyeti, lakini nayo ilipofika mwishoni mwa 2025 ilihamisha sakafu yake hadi Android 8. Aliye na toleo la nyuma anabaki na Firefox ya zamani, mradi tu alipate faili lake.

Hapo ndipo fundi anapoingia. Mmoja wao, mwenye meza Kariakoo na uzoefu wa zaidi ya muongo mmoja, alikubali kueleza kazi hii kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe, na malalamiko yake yangeweza kujaza ukurasa mzima. La kwanza ni kwamba mteja haoni anacholipia. Akibadilishiwa kioo, anakiona kioo. Akiwekewa programu, anasema programu ni za bure, zipo tu mtandaoni. Haoni kwamba fundi ametumia bando lake kuzipakua, amezijaribu kwenye simu za matoleo tofauti, na amezipanga kwenye flashi kwa namba za Android ili asimwekee mtu wa Android 5 kitu kinachotaka 7.

La pili linamuuma zaidi. Kazi yake, anasema, haina dhamana kwa sababu yeye hamiliki hata kipande kimoja cha kile anachouza. Anakumbuka kipindi cha programu moja ya YouTube iliyochezewa, isiyo na matangazo, ambayo karibu kila meza iliiweka kwa wateja. Machi 2022 waliokuwa wakiitengeneza waliifunga kwa shinikizo la kisheria, na nakala zilizokuwa tayari kwenye simu zikaanza kufa moja baada ya nyingine. Waliorudi hawakwenda kumlalamikia mtengenezaji wa ughaibuni. Walikuja kwake, wengine na ndugu zao, wakidai pesa yao. Sasa anaweka zaidi NewPipe, programu huria inayokubali Android 5 na isiyopatikana Play Store, ila kabla ya kupokea pesa anamwambia mteja kwamba siku YouTube ikibadilisha mambo yake, itagoma mpaka sasisho litoke. Wateja wengi huitikia ndiyo bila kusikiliza.

La tatu ni simu za kopi. Fundi huyo anadai zinamharibia jina kuliko kitu kingine chochote. Ukiingia kwenye mipangilio, simu inajitangaza kuwa Android 10 na RAM ya kutosha. Ukiipima kwa programu ya kukagua vifaa unakuta ni 5.1 au hata 4.4 iliyobandikwa namba ya uongo. Mteja anaamini kilichoandikwa kwenye boksi, si kinachosemwa na fundi. Uzimaji wa simu bandia uliofanywa nchini Juni 2016 ulitarajiwa kumaliza mchezo huo, lakini ulilenga namba za utambulisho, na simu inayodanganya toleo lake inaweza kuwa na namba ya utambulisho isiyo na kasoro. Malalamiko haya ni ya upande mmoja, bila shaka. Wapo mafundi wanaoweka chochote kinachofunguka, yakiwemo mafaili yaliyojaa matangazo na programu za kunyonya taarifa, na mzungumzaji wetu hakuwa na haraka ya kuwazungumzia hao.

Kilichowahi kukaribia kuwa suluhisho rasmi kilikuwa YouTube Go. Ilianza majaribio India mwaka 2017 na mwaka uliofuata ikasambazwa katika nchi zaidi ya 130. Ilikuwa nyepesi, ilimwonyesha mtazamaji MB atakazotumia kabla hajabonyeza, na ilimruhusu kumrushia jirani video bila kutumia bando. Ilipakuliwa zaidi ya mara milioni 500. Agosti 2022 ikazimwa, kwa maelezo kwamba programu kuu imeboreshwa vya kutosha kwa simu dhaifu. Hoja hiyo ina ukweli kwa simu za Android Go, toleo jepesi la Android, zilizotoka miaka ya karibuni. Kwa simu ya GB 1 ya RAM na GB 8 za hifadhi, ambazo nusu yake imeshaliwa na mfumo wenyewe, hoja hiyo haina maana yoyote.

Upande wa serikali unaimba wimbo tofauti. Ofisa mmoja wa sekta ya mawasiliano, ambaye si msemaji, alipoulizwa kuhusu simu za zamani alijibu kwa takwimu: usajili wa intaneti nchini Tanzania ulikuwa umefika takriban milioni 48 mwishoni mwa 2024. Alirudi kwenye namba hiyo kwa kila swali. Akiulizwa watu wangapi wanaweza kutazama video, milioni 48. Akiulizwa matoleo ya Android yaliyopo mikononi mwa watu, alisema soko linakua, na ushahidi ni hizo milioni 48.

Namba yenyewe si ya kubuni, lakini inahesabu laini, haihesabu watu wala simu. Kipindi hichohicho laini zilizokuwa zikitumika zilizidi milioni 80, wakati Sensa ya 2022 iliikuta nchi ikiwa na watu 61,741,120, vichanga wakiwa ndani. Mwenye laini tatu anahesabiwa mara tatu. Laini iliyotumia MB chache kufungua picha ya WhatsApp inakaa kwenye safu moja na ile inayotazama mpira kutwa. Ripoti za sekta ya mawasiliano za 2024 zilionyesha simu janja zikiwa karibu theluthi moja tu ya kipimo cha idadi ya watu, na hazina safu ya umri wa simu. Vivyo hivyo kauli kwamba 4G inawafikia karibu tisa katika kila Watanzania kumi: mnara unamfikia, sawa, ila simu ya 3G mfukoni haiongezeki uwezo kwa kusimama karibu na mnara.

Msamaha wa kodi nao ulishajaribiwa. Mwaka 2021 bajeti iliondoa VAT kwenye simu janja, vishikwambi na modemu ili watu wengi zaidi wamudu intaneti. Mwaka mmoja baadaye msamaha ukafutwa. Wafanyabiashara wanasema hawakupewa muda wa kutosha. Serikali ilisema mlaji hakuuona unafuu. Huenda wote wana haki kidogo. Aliyekuwa akisubiri bei ishuke ndipo atupe simu yake ya zamani, bado anaitumia.

Mahesabu ya mteja ni ya bando. Video inayokwenda kilobiti 500 kwa sekunde, kiasi cha kutosha kwa ubora wa 360p, inakula MB 225 kwa saa. Ya 720p kwenye megabiti 2 inakula MB 900 kwa muda uleule, na kwenye kioo kidogo cha simu ya 2014 tofauti haionekani kwa urahisi. Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo fundi mzuri hufanya ni kufunga ubora usipande. La pili ni kuchagua aina ya mbano. Simu hizi zina chipu ya kufungua H.264, mfumo wa mwaka 2003. Zikiletewa mifumo mipya zaidi ya VP9 au AV1, kazi inahamia kwenye prosesa, simu inachemka, picha inaganda huku sauti ikiendelea, na chaji inashuka mbele ya macho.

Wasioweza kumudu bando hurudi kwenye njia ya zamani: kuingiziwa muvi kwenye memori kadi. Huko nako kuna ufundi. Filamu iliyotafsiriwa kwa Kiswahili inacheza picha lakini haitoi sauti, kwa sababu sauti yake imebanwa kwa AC3 au EAC3, ambazo MX Player ya kawaida iliacha kuzisoma kwa sababu za hataza. Fundi anaongeza kodeki au anaweka VLC, ambayo bado inakubali hata Android 4.4. Kadi iliyofomatiwa FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4, na simu nyingi za enzi hiyo hazitambui kadi zaidi ya GB 32. Kwamba kunakili filamu hizo bila idhini ni kosa chini ya sheria ya hakimiliki ya 1999 ni jambo linalojulikana kila kibanda. Linazungumzwa pale tu wakaguzi wanapopita.

Mbele kuna ukungu. Kampuni inayomiliki Android imetangaza kwamba kuanzia Septemba 2026, kwa kuanzia na Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, programu zinazowekwa nje ya duka rasmi zitatakiwa ziwe zimetoka kwa mtengenezaji aliyethibitishwa, na nchi nyingine zifuate kuanzia 2027. Baadaye ikasema wenye ujuzi watapewa njia ya kukwepa kizuizi hicho. Iwapo sharti litashuka hadi simu za Android 6, au litaishia kwenye simu mpya tu, mafundi wanabishana. Baadhi wameanza kuweka akiba ya mafaili kwenye diski za nje. Wengine wanahamia kwenye kuuza mtumba wa Android 9 na 10 kutoka Dubai, wakijua fika kwamba Chrome ilishaacha kusasishwa kwa Android 9 mwaka 2025, na kwamba mteja anayeinunua leo atarudi kwenye meza ileile, ingawa hakuna anayeweza kumwambia ni lini.