Bayokonveksheni: Fizikia ya Ruwaza Zinazojiunda katika Makundi ya Vijiumbe Waogeleao

Maji yenye mwani wa seli moja aina ya *Chlamydomonas*, yakimiminwa katika sahani bapa na kuachwa yatulie, hayabaki na rangi moja. Baada ya muda mfupi hutokea madoa na mistari ya kijani kilichokolea, iliyotengwa na nafasi za maji yaliyopauka. Harold Wager alieleza hali ya namna hiyo kwa *Euglena* mwaka 1911. John Platt aliipa jina la bayokonveksheni mwaka 1961, akisisitiza kwamba ruwaza hizo hufanana na za kimiminika kinachopashwa moto kutoka chini, lakini hazisababishwi na joto.

Chanzo chake ni uzito. Densiti ya seli hizo huizidi ya maji kwa takriban asilimia 5 tu, na kwa hiyo seli isiyoogelea huzama polepole. Seli hai, hata hivyo, husukumwa na flajela zake mbili kwa kasi inayofikia mikrometa 100 kwa sekunde, na kwa kuwa sehemu yake ya nyuma ni nzito zaidi, huelekea juu. Hivyo tabaka zito hujengeka juu ya maji mepesi. Hali hiyo haidumu: tabaka huporomoka kwa michirizi, na seli zilizoteremshwa huanza kupanda upya.

Jambo lililobainishwa na John Kessler mwaka 1985 ndilo lenye uzito zaidi. Katika mchirizi unaoshuka, maji ya katikati huenda kasi kuliko ya pembeni. Tofauti hiyo huigeuza seli iliyo pembeni ikaogelea kuelekea katikati. Mchirizi huzidi kuwa mzito, hushuka kwa kasi zaidi, na huvuta seli nyingi zaidi. Hakuna seli inayotoa amri, wala hapana haja ya kudhani kwamba zinapashana habari. (Neno "kujipanga", lililozoeleka katika mada hii, linapotosha kwa kuwa linaashiria nia, "kujiunda" ni salama zaidi.)

Je, haya hutokea nje ya maabara? Katika Ziwa Cadagno, milimani Uswisi, ambalo tabaka zake za juu na za chini hazichanganyiki kikamilifu, bakteria *Chromatium okenii* hupanda hadi kwenye mpaka wa maji yenye oksijeni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba mrundikano wao huyaporomosha maji na kuunda tabaka lililochanganyika, ambalo unene wake huweza kukaribia mita 1.

Kwa hiyo, modeli ya ziwa inayowachukulia vijiumbe kama abiria wa mikondo huweza kuuhesabu mchanganyiko huo kuwa kazi ya upepo. Upimaji nao huathirika. Chupa moja iliyochotwa ndani ya mchirizi na nyingine iliyochotwa kando yake hutoa idadi mbili tofauti za seli, ingawa maji ni yale yale na saa ni ile ile.