Je, Wajua? Soda, Chapati na Tumbo Lililopunguzwa

Je, wajua kwamba baada ya upasuaji wa kupunguza uzito, kinywaji humponza mtu kuliko chakula? Anayefikiria upasuaji huu huulizia kwanza ugali, pilau na nyama choma. Lakini chakula kigumu hukaa katika mfuko mdogo wa tumbo, kikaujaza, na mtu akashiba kwa vijiko vichache. Soda, juisi na chai tamu ya maziwa hazikai. Hupita mbio hadi kwenye utumbo, sukari yake ikaingia mwilini yote, na shibe isije. Mtu anaweza kushindwa kumaliza nusu ya chapati saa sita mchana, na jioni akanywa soda mbili bila taabu. Baadhi ya kilo zinazorudi baadaye hupitia mlango huo.

Je, wajua mfuko unaobaki ni mdogo kiasi gani? Tumbo la mtu mzima hupokea takriban lita 1 hadi 1.5. Katika upasuaji unaofanywa zaidi duniani siku hizi, daktari hukata na kuondoa asilimia 75 hadi 80 ya mfuko huo, ukabaki mrija mwembamba uliopinda kama ndizi. Upo na upasuaji wa kuchepusha: hutengenezwa kifuko cha takriban mililita 30 juu kabisa ya tumbo, utumbo mwembamba ukaunganishwa nacho, na chakula kikaruka sehemu kubwa ya tumbo pamoja na mwanzo wa utumbo. Mililita 30 ni vijiko viwili vya mezani.

Je, wajua kwamba wazo la kuchepusha lilitoka kwa wagonjwa wa vidonda vya tumbo? Edward Mason, daktari wa upasuaji katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, alijua kwamba watu waliokatwa sehemu ya tumbo kwa ajili ya vidonda walikonda na hawakunenepa tena kwa urahisi. Mwaka 1966, yeye na mwenzake Chikashi Ito wakaanza kuitumia njia hiyo kwa makusudi. Mwaka 1994 wenzao wa California wakaeleza namna ya kuifanya kwa matundu madogo, bila kupasua tumbo zima.

Je, wajua kwamba kuacha vyakula huanza kabla ya kulazwa? Ini hulalia sehemu ya juu ya tumbo, na kwa mtu mwenye uzito mkubwa mara nyingi huwa limevimba kwa mafuta, likamziba daktari asione anapokata. Kwa hiyo hospitali nyingi humwambia mgonjwa apunguze wanga na sukari kwa takriban wiki mbili kabla ya siku yenyewe, na ini husinyaa. Wapo wanaotaka kula karamu ya kuagana na vyakula vyao wiki hizo hizo. Uchungu wa kuaga ninauelewa, maana chakula kwetu ni undugu. Ila karamu hiyo inaweza kuufanya upasuaji uwe mgumu, hata uahirishwe.

Je, wajua soda ina sukari kiasi gani? Chupa ya kola ya mililita 300 ina takriban gramu 30, yaani vijiko vya chai saba au vinane. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linasema kwamba kushuka chini ya takriban gramu 25 za sukari ya kuongezwa, ya asali na ya juisi kwa siku nzima huleta manufaa zaidi kwa mtu mzima. Chupa moja imeshavuka hapo. Wengi huambiwa pia kwamba gesi ya soda hutanua mfuko wa tumbo. Ushahidi wa hilo ni mdogo, na sioni haja ya kumtisha mgonjwa kwa jambo lisilo na uhakika wakati sababu za kweli zipo: gesi hujaa mahali pasipo na nafasi, huleta maumivu na kiungulia, na sukari ni ile ile.

Na juisi je? Juisi ya miwa ni maji na sukari tu kwa sehemu kubwa. Juisi ya machungwa halisi, iliyokamuliwa nyumbani bila kuongezwa chochote, inakaribia soda kwa sukari. Hili ndilo linalowauma wengi, kwa sababu wamelelewa wakijua kwamba juisi ya matunda ni afya.

Je, wajua kinachompata aliyechepushwa akila halua au akinywa soda kwa pupa? Tumbo zima lina mlango wa chini unaoachia chakula kidogo kidogo. Kwake yeye mlango huo umerukwa. Sukari huporomoka kwenye utumbo mwembamba kwa mkupuo, utumbo ukavuta maji kutoka kwenye damu ili kuizimua, na ndani ya dakika 10 hadi 30 moyo unamwenda mbio, jasho linamtoka, tumbo linasokota, anaharisha, anatamani kulala chini. Kuna na awamu ya pili, saa 1 hadi 3 baadaye: mwili umemwaga insulini nyingi kupambana na ile sukari, sasa sukari ya damu inashuka kupita kiasi, mtu anatetemeka na kuona kizunguzungu. Aliye karibu naye humkimbizia soda ili apate nguvu. Sukari kidogo ni lazima ikiwa imeshuka sana, lakini ifuatiwe na chakula chenye protini, la sivyo mzunguko unaanza upya.

Je, wajua bia moja huweza kufanya kazi ya mbili? Baada ya kuchepushwa, pombe hufika kwenye utumbo na damu kwa dakika chache, na kiwango chake hupanda juu kuliko zamani. Mtu aliyezoea kunywa na kuendesha gari kurudi nyumbani anajidanganya kwa hesabu ya mwili ambao hana tena. Kuna hatari iliyojificha zaidi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba matatizo ya ulevi yalipanda kutoka asilimia 7.6 kabla ya upasuaji hadi asilimia 9.6 katika mwaka wa pili. Mwaka wa pili ndio ambao ndugu wameshaacha kuuliza, maana mtu amependeza na kila mtu anamsifu.

Je, wajua kwamba chai haikatazwi moja kwa moja? Kinachokatazwa ni sukari yake na wakati wake. Majani ya chai hushika madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga, na kikombe kinachonywewa pamoja na mlo huweza kupunguza ufyonzwaji wa chuma hicho kwa zaidi ya nusu. Kwa aliyechepushwa, sehemu ya utumbo inayofyonza chuma kwa wingi tayari imerukwa. Ukiongeza hedhi, upungufu wa damu haupo mbali. Chai inywewe peke yake, saa moja au zaidi baada ya kula.

Maziwa nayo humgeuka mtu. Wako walioyanywa miaka yote bila shida, na baada ya upasuaji tumbo linajaa gesi na kuharisha, kwa kuwa sukari ya maziwa inafika haraka kwenye utumbo usioweza kuimeng'enya. Mtindi mara nyingi huvumilika vizuri zaidi, ilimradi usiwe ule wa dukani uliotiwa sukari na ladha.

Je, wajua kwa nini maji hayaruhusiwi mezani? Yanakijaza kifuko kabla ya chakula, au yanakisukuma chakula kitoke upesi, na njaa ikarudi. Kanuni ya kawaida ni kusubiri takriban dakika 30 baada ya kula. Wakati huo huo mwili unahitaji lita moja na nusu au zaidi kwa siku, na kugugumia glasi nzima hakuwezekani tena. Inabidi kunywa funda dogo dogo kutwa. Kwenye joto la Mombasa au Dar es Salaam hii ni kazi, na anayeipuuza hurudi hospitalini kwa kukaukiwa maji.

Je, wajua vyakula vinavyokwama? Mkate laini, chapati, ugali na wali uliogandamana huwa donge zito ambalo mlango mwembamba haulipitishi. Nyama choma iliyokauka vivyo hivyo. Dalili yake anayeijua haisahau: kifua kinabana, mdomo unajaa mate mazito yenye povu, na haupiti muda kitu kinarudi juu. Nyuzi za embe na ngozi nyeupe za chungwa ni hatari ya namna nyingine, kwani huweza kujikusanya tumboni na kuziba njia. Wataalamu wa lishe husema tonge litafunwe mara 20 hadi 30. Kwenye sinia la watu sita hiyo ina maana kwamba wenzako watamaliza wakati wewe uko kwenye tonge la tatu, kwa hiyo ni bora kupakuliwa kisahani chako mapema.

Hata hivyo, chapati si ya kuagwa milele. Mpangilio huanza na maji na supu iliyochujwa, ukafuata uji mwepesi na vitu vilivyosagwa, kisha vyakula laini, na kwa wengi chakula cha kawaida hurudi baada ya wiki sita hadi nane. Vipande vidogo vya chapati huweza kurudi baadaye, vikiwa nyuma ya protini.

Je, wajua mwili unahitaji protini kiasi gani? Lengo la kawaida ni gramu 60 hadi 80 kwa siku. Yai moja lina takriban gramu 6. Hapo ndipo dagaa, samaki, choroko na dengu, vyakula ambavyo wengine huviona vya kimaskini, vinakuwa mtaji.

Je, wajua kwamba kutapika mfululizo baada ya upasuaji ni dharura? Akiba ya vitamini B1 mwilini ni ndogo, na ikiisha ubongo hudhurika: macho yanacheza, mwendo unayumba, mtu anachanganyikiwa. Dripu ya glukosi ikitangulia kabla ya vitamini hiyo, hali huweza kuwa mbaya zaidi. Ndugu anayempeleka mgonjwa kwenye zahanati iliyo mbali na alikopasuliwa amwambie mhudumu bila kuona haya: mtu huyu alipunguzwa tumbo, anahitaji B1 kwanza. Amwambie pia kwamba dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki huweza kumletea aliyechepushwa vidonda pale tumbo lilipoungwa na utumbo.

Je, wajua kuna wanaoacha kupenda vyakula bila kujilazimisha? Homoni ya njaa iitwayo ghrelini, iliyogunduliwa Japani mwaka 1999, hutengenezwa zaidi katika sehemu ya juu ya tumbo, ile inayokatwa na kutupwa katika upasuaji wa kubakiza mrija. Watafiti wa Imperial College London nao, mwaka 2014, waliandika kwamba ubongo wa waliochepushwa uliitikia kidogo picha za vyakula vinono kuliko wa wale waliofungwa mkanda wa kubana sehemu ya juu ya tumbo. Kwa hiyo mtu akisema maandazi hayamvutii tena, usimwone ana maringo.

Puto la kupunguza uzito, ambalo Hospitali ya Taifa Muhimbili Mloganzila imekuwa ikiwawekea wagonjwa bila kukata kitu, ni tofauti. Hujaza nafasi tumboni, kisha hutolewa baada ya miezi kadhaa. Tumbo ni lile lile, kwa hiyo tabia ya soda iliyofichwa kwa muda huo huweza kurudi siku puto linapotoka.

Je, wajua kuhusu Ramadhani? Ushauri wa madaktari wengi ni kutofunga kabla ya miezi 12 hadi 18 kupita baada ya upasuaji, kwa sababu maji ya kutwa hayawezi kunywewa yote usiku na mfuko mdogo. Ukifika wakati wa kufunga, futari ya kawaida inabidi ipangwe upya. Tende moja kubwa ina takriban gramu 16 za sukari, na tatu kwa mkupuo huweza kumwangusha aliyechepushwa mbele ya jamvi. Aanze kwa mafunda ya maji, asubiri, ale samaki au supu yenye nyama laini, na anayetaka tende ale nusu mwishoni. Vidonge vya chuma na vya kalsiamu haviendi pamoja: kimoja kiwe baada ya futari, kingine wakati wa daku.