Sifuri ya Uongo: Kwa Nini Vituo vya Hali ya Hewa Vinahitaji Jicho la Wananchi

Utabiri unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutegemea vipimo vinavyokusanywa katika vituo vilivyotawanyika nchini. Baadhi ya vituo hivyo ni mitambo inayojiendesha yenyewe: haina mpimaji wa zamu, hutumia umeme wa jua na hutuma vipimo vya mvua, joto, unyevu na upepo kwa mtandao wa simu.

Kipima mvua cha mitambo ya aina hiyo hufanya kazi kwa njia rahisi. Maji hupita kwenye faneli na kudondokea katika vikombe viwili vidogo vinavyopokezana. Kimoja kikipata maji yanayolingana, mara nyingi, na milimita 0.2 za mvua, hupinduka, na kila mpinduko huhesabiwa. Hapo ndipo penye hatari. Jani moja, kinyesi cha ndege au utando wa buibui ukiziba tundu la faneli, vikombe havipinduki na mtambo hutuma sifuri. Mtambo uliozimika hugunduliwa upesi kwa kuwa hunyamaza. Uliozibwa huendelea kuripoti ukavu ilhali mto wa jirani unajaa, na wakazi wa bondeni hawana habari.

Wataalamu hubaini kasoro hiyo kwa kulinganisha kituo na jirani zake, rada na picha za setilaiti. Jirani akiwa mbali, ulinganisho hupungua nguvu. Mwaka 2021 Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO) liliweka kiwango cha msingi cha vituo vya ardhini kupishana kilomita 200 na kutoa vipimo kila saa. Kiwango hicho huisaidia mifumo ya utabiri ya dunia nzima, lakini mvua ya radi ya masika huweza kunyesha eneo dogo sana bila kukigusa kituo chochote.

Kununua mitambo, basi, ndiyo sehemu nyepesi. Kazi nzito ni safari za mafundi, betri, malipo ya mtandao, kufyeka nyasi na kuhakiki vipimo mwaka hadi mwaka. Mradi wa TAHMO, wenye lengo la vituo 20,000 Afrika kusini mwa Sahara, huweka vingi shuleni, ambako kuna uangalizi na wanafunzi hujifunza kwa vipimo hivyo.

Wananchi wanaoishi jirani na vituo wanaombwa kutofunga mifugo kwenye uzio wake na kutopanda miti wala kujenga karibu, kwani kizuizi hutakiwa kuwa mbali na kipima mvua angalau mara mbili ya urefu wake. Paneli ikiibwa au kuvunjika, taarifa itolewe kwa ofisi ya kijiji au mtaa siku hiyohiyo.