Saa Chache Katika Bandari ya Malta

Wasomaji wetu waijuao safari ya Mtume Paulo watakikumbuka kisiwa cha Melita, ambako watu 276 waliokoka chombo chao kilipovunjika, wakakaa miezi mitatu. Kisiwa hicho ndicho Malta, kusini ya Sicily. Siku hizi merikebu kubwa za watalii huingia Bandari Kuu ya Valletta asubuhi, na mara nyingi jioni huondoka. Basi, mwenye saa chache tu atazame nini?

Kwanza na atazame kuta za mawe ya chokaa, zenye rangi ya asali. Mwaka 1565 jeshi la Waturuki lilikizingira kisiwa karibu miezi minne, lisikishinde. Mwaka uliofuata Jean de Valette, mkuu wa askari watawa wa Mtakatifu Yohane, akaanza kuujenga mji huu. Tangu 2012 iko lifti ya kupandia toka pwani hata bustani ya juu, na saa sita mchana mzinga hupigwa chini ya bustani hiyo.

Katika kanisa la Mtakatifu Yohane imo picha ya kukatwa kichwa kwake Mbatizaji, kazi ya Caravaggio ya mwaka 1608. Mchoraji alitia jina lake katika damu imwagikayo.

Tena, asemaye Kiswahili na atege sikio njiani. Kimalta kimetokana na Kiarabu, ingawa huandikwa kwa herufi za Kirumi: sita ni sitta, saba ni sebgħa, kitabu ni ktieb. Nao Wakristo wa huko humwita Mungu Alla.

Mwisho, na ayatazame maji yenyewe. Mwaka 1942 kisiwa kilipigwa sana kwa mabomu, na chakula na mafuta vilikaribia kwisha. Mwezi wa Agosti zilitumwa merikebu 14 za shehena. 9 zilizama, 5 zikafika. Ya mwisho, Ohio, yenye mafuta, iliingia tarehe 15 ikiwa nusu kuzama, imefungwa kati ya manowari mbili. Siku hiyo ilikuwa sikukuu ya Bikira Maria; ndiyo maana Wamalta huuita msafara ule Santa Marija.

Walimu wafundishao habari za Paulo, yafaa wawaonyeshe watoto kisiwa hiki katika ramani, na kuwasimulia pia njaa ile na mabaharia wasiorudi kwao.