Pesa ya Kupaki Hotelini: Haki au Unyang'anyi?

Jumapili moja mjomba alitupeleka Dunga kula samaki. Langoni mwa hoteli, soja akadai pesa ya kupaki. Mjomba akamaka, "Ala! Mimi si mgeni wenu?" Tukageuza gari, tukarudi na njaa.

Mjini Kisumu kaunti hutoza ada ya maegesho kwa kuwa barabara ni ya umma na nafasi ni haba. Hotelini, ua na mlinzi vimo tayari katika bei ya chumba na ngege. Asiyelala wala kula, alipe. Mgeni je, alipe mara mbili? Akigeuza gari, hata mama wa samaki na kijana wa mashua ufuoni hukosa. Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone.