Kabla ya Kuota Milima ya Ulaya, Teremka Tambach

Bila shaka umewahi kuziona zile kalenda zinazotundikwa katika maduka na vinyozi, zenye picha za barabara za Ulaya zilizojikunja mlimani kama nyoka anayeota jua. Watu huzitazama, wakatikisa vichwa na kusema kuwa wenzetu walipendelewa. Lakini je, umewahi kupanda matatu mjini Eldoret, ukapita Iten na kuteremka Tambach hadi Kabarnet? Ikiwa bado, keti kidogo tuzungumze.

Safari yenyewe si ndefu. Kutoka Eldoret hadi Iten ni kilomita 35 hivi, na ukifika Kabarnet utakuwa umesafiri karibu kilomita 90, zote za lami. Hata hivyo usidanganywe na nambari hizo, kwani njiani utateremka zaidi ya mita 1,000 kisha uzipande tena upande wa pili.

Eldoret, mji uliopandishwa hadhi kuwa jiji mnamo Agosti 2024, uko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Wazee wangali wanauita Sisibo, jina linalotokana na shamba nambari 64 ambapo posta ilifunguliwa mwaka wa 1910. Reli ilifika hapa mwaka wa 1924, baada ya kupanda milima ya Timboroa. Hapo pana jambo ambalo wanafunzi wanafaa kulikumbuka. Barabara ya Stelvio nchini Italia, ambayo Wazungu huisifu sana na ambayo ina kona kali 48 upande wake mmoja, hufika mita 2,757 juu ya usawa wa bahari. Reli yetu karibu na Timboroa hufika mita 2,785 hivi. Naam, gari la moshi la Kenya linaishinda barabara ya Alps kwa kimo, ingawa hakuna aliyewahi kutuchapishia kalenda!

Ukitoka Eldoret, mashamba ya mahindi na ngano yanakusindikiza hadi Iten, na hakuna dalili yoyote ya kinachokungoja. Iten ni mji mdogo wa baridi, ulio mita 2,400 hivi juu. Hewa yake haba ndiyo inayowavuta wanariadha wa mataifa mbalimbali. Katika shule ya St Patrick's ndipo alipofika Brother Colm O'Connell kutoka Ireland mwaka wa 1976, na ndipo aliposoma Peter Rono, aliyeshinda dhahabu ya mita 1,500 kule Seoul mwaka wa 1988. Hata maji hapa huchemka mapema, yapata nyuzi 92, kwa hivyo usimlaumu mpishi maharagwe yakichelewa kuiva.

Ukiupita mji kidogo, nchi inakatika ghafla. Chini yako ni Bonde la Kerio, na ng'ambo yake milima ya Tugen imejipanga katika ukungu wa samawati. Huu ndio ukingo wa Elgeyo. Ardhi ilipasuka, kipande kimoja kikazama, kingine kikabaki juu. Mwalimu wa jiografia anaweza kuchora Bonde la Ufa ubaoni muhula mzima, lakini dakika tano za kusimama hapa zitamaliza kazi yote.

Kisha mteremko unaanza. Barabara inapinda kulia, inapinda kushoto, maporomoko ya Torok yakining'inia kwenye majabali. Masikio yanaziba, mtoto anaomba ndimu ya kuzuia kichefuchefu. Tambach, uliokuwa makao makuu ya wilaya enzi za ukoloni, umejibanza katikati ya ukingo kama kiota. Sweta ulizovaa Iten zitavuliwa moja baada ya nyingine, kwa kuwa kila ukishuka mita 1,000 joto huongezeka kwa nyuzi sita au saba. Misonobari inatoweka, inakuja miiba, migunga na miembe.

Hapa sharti tuambiane ukweli. Urembo huu una meno. Dereva anayeshuka Tambach huku mguu ukiwa kwenye breki muda wote anazichemsha breki hizo, na zikishapata moto kupita kiasi hazishiki tena, hata ukikanyaga hadi sakafuni. Kanuni ya madereva wa zamani ni rahisi: shuka kwa gia ile ile ambayo ungeitumia kupanda. Kama umeabiri matatu, na dereva anashuka kwa mbwembwe huku muziki ukivuma, mwambie. Usione haya. Utingo atakukodolea macho, abiria wengine watajifanya wamelala, lakini kimoyomoyo watakushukuru.

Jambo jingine ni kusimama. Norway ina barabara 18 ambazo serikali imezitenga rasmi kwa ajili ya watalii, na imezijengea maegesho, vyoo na majukwaa ya kutazamia mandhari. Kwetu, mahali salama pa kuegesha kwenye mteremko huu ni haba, hivyo utaziona familia zimeshuka kwenye kona, watoto wakipigwa picha huku lori linakuja nyuma yao. Kwa maoni yangu, hili halihitaji mabilioni. Linahitaji tingatinga moja, changarawe na vyuma vya kingo. Kabla ya hayo kufanyika, tazama mandhari pale juu Iten, kisha usisimame tena hadi bondeni.

Bondeni kuna daraja la Chebloch, ambapo Mto Kerio, unaoelekea Ziwa Turkana, umejipenyeza katika korongo jembamba la mawe. Vijana wa hapo hujirusha majini kutoka juu ya majabali huku wageni wakishika vifua. Mto una mamba, kwa hivyo mzuie mwanao asije akataka kuiga. Karibu na hapo ni hifadhi ya Rimoi, makao ya ndovu. Msimu wa maembe ukiwadia, beba gunia.

Msafiri mwenye hamu huenda akatamani kukata kushoto, kuelekea Arror na Tot, akaione mifereji ya kale ya Wamarakwet. Huko uliza kwanza. Wizi wa mifugo umemwaga damu nyingi, na Februari 2023 serikali ilituma wanajeshi katika maeneo kadhaa ya kaskazini mwa Bonde la Ufa, Elgeyo Marakwet ikiwemo. Maporomoko ya ardhi nayo si mageni kwenye ukingo huo mvua zinapozidi.

Barabara ya Kabarnet yenyewe inaendelea kupanda milima ya Tugen. Ni katika milima hiyo ambapo mwaka wa 2000 wanasayansi walichimbua mifupa ya Orrorin, kiumbe aliyeishi yapata miaka milioni sita iliyopita, na ambaye wanaamini alitembea kwa miguu miwili.

Kabarnet utapata chakula cha mchana na hewa baridi tena. Ondoka Eldoret saa mbili asubuhi, ule saa saba, na ikifika saa tisa alasiri uwe umeanza kurejea, ili kona za Tambach uzipande kungali mchana.