Waya kati ya mita na nyumba yako

Wakaazi wengi wanajua kwamba nguzo na mita ni mali ya Kenya Power. Jambo ambalo mara nyingi husahaulika ni kwamba kampuni hiyo huishia kwenye mita. Waya unaotoka hapo kwenda nyumba kubwa, jikoni la nje, nyumba ya mama au vyumba vya wapangaji ni wako wewe mwenye boma, na usalama wake uko mikononi mwako.

Waya huu ndio hufanywa kwa pupa kuliko wote. Nyumba ya kwanza hupata fundi na vifaa vya maana. Ikijengwa ya pili, mtu hutafuta waya uliobaki wa taa, akauning'iniza kwenye mwembe, akaupenyeza chini ya mabati, na pale ulipopungua akaunga kipande kingine na kukifunga kwa karatasi ya plastiki. Taa zinawaka, kila mtu anafurahi. Hatari inaanza vyumba vinapoongezewa vifaa.

Chukua mfano wa shawa ya maji moto ya wati 5,000. Gawanya kwa volti 240 za stima yetu, utapata kama ampea 21. Ongeza birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,000, jumla inafika ampea 33. Waya wa taa, ule mafundi wanaouita wa 1.5, hubeba takriban ampea 15 tu. Mkondo ukizidi maradufu, joto ndani ya waya huongezeka zaidi ya mara nne. Plastiki inalainika, nyaya zinagusana, na kama zimepita juu ya dari au kwenye makuti, moto huanza mahali ambapo hakuna anayeuona.

Umbali nao una gharama yake. Ukipitisha ampea 20 kwenye waya wa 2.5 kwa mita 50, volti 18 hivi hupotea njiani, na friji na pampu ya maji huanza kusumbuka. Kwa waya wa 10, hasara hiyo ni kama volti 4. Ndiyo maana fundi wa kweli atakuuliza maswali mawili kabla ya kutaja bei: utatumia vifaa gani, na ni hatua ngapi kutoka kwenye mita? Asiyeuliza hayo anakisia.

Njia ya waya ni muhimu sawa na unene wake. Waya wa ndani ya nyumba haukutengenezewa jua; plastiki yake hukauka na kupasuka. Ukipita ardhini, tumia kebo yenye kinga ya chuma, izikwe kina cha nusu mita au zaidi, na utepe wa onyo uwekwe juu yake ili mwenye jembe auone kwanza. Ukipita juu, uwe mbali na mikono ya watoto na malori, na usifungwe kwenye ua wa seng'enge. Viungio havifai kuachwa wazi. Huku pwani hewa ya chumvi hula shaba haraka, na kiungio kilichochakaa hupata moto.

Mabati ndiyo tunayoyaogopa zaidi. Upepo ukisugua waya kwenye ncha ya bati kwa miezi kadhaa, plastiki inakatika na ukuta mzima wa bati unapata stima, pamoja na kamba ya chuma ya kuanikia nguo iliyofungwa hapo. Anayeanika nguo mbichi, miguu peku juu ya udongo wenye maji, ndiye hupigwa.

Wengi hudhani fyuzi itawaokoa. Fyuzi hulinda waya, si mtu. Fyuzi ya ampea 30 haitashtuka kwa mkondo wa sehemu moja ya kumi ya ampea, ilhali huo unatosha kuua. Kinachomlinda mtu ni vitu viwili vinavyofanya kazi pamoja: waya wa ethi, wa kijani na manjano, uliounganishwa na fito iliyopigwa ardhini, na swichi ya usalama inayokata stima mara tu milliampea 30 zinapovuja. Utaitambua kwa kitufe chenye herufi T. Kibonyeze kila baada ya miezi mitatu. Swichi isipojizima, imeharibika na ibadilishwe. Kila nyumba bomani inahitaji ulinzi huu. Na fyuzi ikikatika mara kwa mara, usiweke waya mnene au msumari mahali pake: inakuonyesha kuna hitilafu.

Kazi yote hii ni ya fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli, EPRA. Mwambie akuonyeshe leseni kabla hajapanda ngazi, na akimaliza akupe cheti cha kukamilisha kazi, ukihifadhi pamoja na hati za nyumba. Leseni si aibu kuiuliza. Kumvutia jirani stima kutoka kwenye mita yako hairuhusiwi, hata akilipa nusu ya tokeni. Mwelekeze aombe mita yake.

Ukiona waya wa kampuni umeanguka, usiusogelee wala kuugusa kwa mti. Zuia watoto na mifugo, kisha piga 97771 au *977#. Mtu akipigwa na stima ndani ya boma, usimshike. Zima swichi kuu kwanza. Ikiwa haifikiki, simama juu ya ubao mkavu na umsukume kutoka kwenye waya kwa mti mkavu au kiti cha plastiki, kisha mpeleke hospitalini hata kama anasema yuko sawa, kwa kuwa mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika baadaye.